Daftari la Wagonjwa na Wali wa Jumamosi

Daktari alikuwa kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, na alikuwa na tabia niliyoipenda tangu tunaingia: aliongea na mtoto kabla ya kuongea na mimi. Mjukuu wangu Nuru ana miaka kumi, ninaishi naye Ilomba, na tangu mwaka jana kichwa kilikuwa kinamshika mara mbili au tatu kwa mwezi, kinamlaza, kinamtapisha, halafu kinaondoka kana kwamba hakikuwahi kuja. Nilikwisha kumpima macho. Nilikwisha kumpima malaria mara nne, ingawa kwetu Mbeya mbu wenyewe wanaona baridi. Jirani mmoja aliniambia nimpuuze, kwamba watoto wa siku hizi wamejifunza kuumwa siku ya hesabu, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kumsikiliza. Daktari akamuuliza Nuru kikianza anapenda kukaa wapi. "Chumbani, bibi akifunga pazia." Na redio je? "Sitaki." Kisha akanigeukia mimi: "Na akiamka, mama, anakuwaje?" Nikajibu kwa aibu kidogo, maana nilijiona namchongea mtoto. "Akiamka ni mzima, daktari. Anaomba chakula, tena anakula kutushinda wote." Yeye hakushangaa. Aliendelea kuandika huku akisema kwamba hicho ni kipandauso, kwamba watu hudhani ni ugonjwa wa wakubwa tu, kumbe watoto nao wanacho, na kwa mtoto mara nyingi hakikai siku nzima: kinakuja kwa nguvu, anatapika, analala saa mbili tatu, anaamka ana njaa. "Sasa watu wakiona ile njaa," akasema, "wanasema alikuwa anadanganya." Akanishauri ninunue daftari nichore safu: siku, saa kilipoanza, saa kilipokwisha, alikula nini, alilala vipi, ametapika au hakutapika. Nikamwomba arudie safu ya mwisho. Alirudia taratibu, akidhani bibi hasikii vizuri. Nilisikia vizuri sana. Safu hizo, karibu zote, nilikuwa nazijua tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na ile ya mwisho niliwahi kuiacha wazi kwa makusudi.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana kule Iringa. Jina lake sitalitaja. Ilikuwa mlimani, na ukisimama nyuma ya bwalo uliiona Ipogolo chini, barabara kuu ikipita katikati yake, na malori yakisubiriana pale mabasi ya Mbeya yalipotushusha na masanduku yetu. Mimi nilikuwa kiranja wa afya, cheo ambacho wenzangu walikicheka mpaka siku walipougua. Chumba cha wagonjwa kilikuwa mwisho wa bweni la tatu: vitanda vinne vya chuma, dirisha moja lililopakwa chokaa nusu, sakafu ya saruji nyekundu iliyokuwa baridi hata Novemba, na harufu ya blanketi zisizokauka. Mlikuwa na meza, na juu ya meza daftari kubwa la jalada gumu. Hilo daftari nililipenda kuliko nilivyowapenda wagonjwa. Nilipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu, nikaandika kwa mwandiko wa kulala, jina, siku, ugonjwa, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ametapika au hakutapika, amekula au hakula. Kila Ijumaa nililipeleka kwa Mkuu wa shule, naye alikuwa akipitisha kidole ukurasani na kusema, "Safi, Tumpe." Neno hilo lilinitosha wiki nzima. Nilikuwa msichana wa namna hiyo, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeendelea kuwa mwanamke wa namna hiyo.

Safu ya kutapika ndiyo iliyokuwa na sheria. Mgonjwa asiyetapika analazwa tu, anapewa kidonge na maji. Aliyetapika lazima apelekwe zahanati Ipogolo siku hiyohiyo, na kiranja wa afya amsindikize. Kushuka ule mlima si kazi, lakini kwenye benchi la zahanati unasubiri, na kurudi ni kupanda tu, na mgonjwa hawezi kuharakishwa. Siku za kawaida niliufurahia msafara huo kwa sababu niliukosa ugali wa maharage, jambo lisilo hasara. Jumamosi ilikuwa habari nyingine. Jumamosi tulikunywa uji usio na sukari, tukaenda shamba la shule na majembe tangu saa moja mpaka saa sita, jua likitupiga kichwani, na saa nane kengele ikigongwa tulikula wali. Wali na nyama, mara moja kwa wiki, vipande viwili kila sahani, na mchuzi uliokuwa na mafuta ya kweli juu yake. Wasichana walianza kuuongelea tangu Alhamisi. Aliyechelewa hakuwekewa. Hiyo nayo ilikuwa sheria, ingawa haikuandikwa popote.

Yusta alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Alitoka Chimala, huko bondeni kunakotoka mchele wenyewe, na alizoea kututania kwamba wali tunaousifia sisi kwao wanawamwagia kuku. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kwa hisabati hakuwa na mpinzani. Jioni tulipokaa kitandani kwake alinifundisha jometri kwa kuchora na kidole juu ya blanketi, akifuta kwa kiganja na kuchora tena, na nisipoelewa hakunicheka. Alitaka kuwa mpimaji wa ardhi. Wakati yuko darasa la sita mtu mmoja alikuja kupima mfereji wa mashamba yao ya mpunga, akasimika chombo cha miguu mitatu, akamwita mtoto aliyekuwa akikodoa macho aje achungulie. Mtoto huyo ni yeye. "Niliona mfereji wote umekaa kwenye mstari," aliniambia, "na mimi ndo nimeushika." Alilirudia mara nyingi mwaka ule. Ukiniuliza nini kilikuwa hatarini, ni hicho: mtoto wa mkulima wa mpunga aliyekuwa na miaka miwili tu ya kufika alikokuwa anaelekea, na kichwa kilichomshika njiani.

Kilimshika mara ya kwanza mwezi wa pili, Jumamosi, shambani. Aliacha jembe likaanguka, akanitazama kwa namna ya ajabu. "Tumpe, naona nusu yako," akasema. "Nusu ya uso sikuoni. Kuna kitu kinawakawaka." Nilimcheka, nikamwambia nusu anayoiona ndiyo nzuri. Baada ya muda kidogo alikuwa amechuchumaa mtaroni anatapika, midomo imekuwa myeupe. Nikampeleka Ipogolo kama sheria inavyotaka. Alitapika tena njiani, akiziba jicho moja kwa ncha ya khanga, akiniomba nisiongee. Zahanati ilikuwa imejaa. Alilala begani kwangu kwenye benchi saa mbili nzima, na majibu ya damu yalipotoka, hakuna malaria, alikuwa amekwisha kuamka, anatabasamu, anasema ana njaa. Mganga aliuliza kwao wapi. Kusikia Chimala akamwandikia dawa za malaria vilevile, kwa sababu watu wa bondeni, alisema, hubeba malaria hata ikijificha. Huko juu tulijua hivyo sote. Malaria inakushika siku tatu, inakutetemesha, inakukatalisha chakula, na huo ndio ulikuwa ugonjwa. Kitu kinachokuja saa nne asubuhi na kuondoka saa nane mchana hatukuwa na jina lake. Tuliporudi bwaloni mpishi alikuwa anaosha masufuria, akatukwangulia ukoko. Mwezi wa tatu ikawa vilevile, Jumamosi tena, mlima tena, na safari hiyo hata ukoko haukuwepo. Nililia. Nasema kweli, nilikuwa na miaka kumi na saba na nililia nyuma ya jiko kwa ajili ya wali.

Mara ya tatu sikumpeleka. Nilimlaza kitanda cha mwisho chini ya dirisha la chokaa, nikamfunga kitambaa kichwani kama alivyoomba, nikamwekea beseni. Alitapika mara mbili. Nikamwaga nyuma ya bweni, nikaliosha beseni, nikafungua daftari na kuandika kwa mwandiko wangu wa kulala: Yusta, kichwa, ameingia saa nne, ametoka saa nane. Safu ya kutapika nikairuka. Kisha nikaenda bwaloni nikala wali, na nikaomba sahani yake nikampelekea, naye akaamka akala mpaka punje ya mwisho. Katika safu ya mwisho nikaandika: amekula. Nilijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Dawa za malaria zilikuwa zinamharibu tumbo tu, mganga mwenyewe haoni kitu, na mgonjwa amepona kitandani bila kupanda mlima. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu. Baada ya hapo ikawa mazoea. Kilimshika Jumamosi, nikamlaza, nikamwaga, nikaosha, nikaruka safu, nikala. Hata kilipomshika siku nyingine niliiruka vilevile, ukurasa mmoja usije ukauumbua mwingine.

Ningeishia hapo pengine ningejisamehe. Lakini nilikuwa na ulimi. Siku moja bwaloni mtu aliuliza Yusta amepona lini, nami nikajibu, "Kichwa cha Yusta kinapona wali ukiiva." Meza nzima ilicheka. Lilikuwa neno zuri, lenye mahadhi yake, likatembea meza hadi meza, na kabla ya mwezi kwisha wasichana wa kidato cha kwanza wasiomjua walikuwa wanamwita Mgonjwa wa Wali. Yeye hakuniuliza kama ni mimi niliyelianzisha. Aliendelea kunifundisha jometri juu ya blanketi. Alichobadilisha ni kimoja: akiamka, kichwa kikiwa kimemwacha na njaa inamuuma, aliiacha sahani ikae, akaitazama, akasubiri wengine watoke ndipo ale. Niliona hayo. Nilikuwa naona kila kitu mwaka ule, ndiyo kazi niliyopewa.

Matroni wetu alikuwa mama wa Kihehe, mnene, mwenye kikohozi, ambaye alimwita kila msichana mwanangu kwa sababu majina yalimshinda. Jumamosi moja, mwezi wa nane, nilikuwa nyuma ya jiko naosha beseni wakati yeye na mpishi wanachambua mchele upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nilimsikia akisema, "Yule mtoto wa Chimala haongopi. Mtu hawezi kujifanya midomo myeupe." Mpishi akasema, "Mbona anakula sasa? Mgonjwa gani huyo." "Anakula kwa kuwa kimemwacha. Dada yangu alikuwa hivyohivyo, tulikuwa tunamfunga kitambaa, tunamwacha gizani. Akiamka anauliza chakula." "Basi si umwambie Mkuu." Nikasikia mchele ukipepetwa. "Mkuu anasoma daftari," matroni akasema. "Daftari la kiranja halisemi kutapika. Mimi nitasema nini?" Nilisimama pale na beseni mkononi, maji yenye matapishi ya Yusta yakinidondokea miguuni. Nilikuwa na hatua kumi kuzunguka ule ukuta. Nimezipiga mara nyingi tangu wakati huo, nikiwa kitandani, nikiwa kanisani, nikiwa darasani wanafunzi wanaandika. Siku ile nilisubiri waondoke.

Mwezi wa kumi kichwa kilimshika katikati ya jaribio la hisabati. Alilaza uso kwenye dawati, kisha akaomba kutoka, na mwalimu wa hisabati, ambaye alikuwa anajivunia Yusta kuliko wanafunzi wote, aliona kama ametukanwa. Walituita ofisini sote wawili. Nakumbuka ofisi ile kuliko nyumba nyingine nilizoishi miaka: kitambaa cha kufumwa juu ya kiti cha Mkuu, thamosi ya chai, sahani ya maandazi iliyofunikwa, jua la mchana likiwa limekata meza vipande viwili. Daftari langu lilikuwa upande wenye jua. Mkuu alipitisha kidole. "Tangu mwezi wa nne, mara kumi na moja," akasema. "Nane ni Jumamosi. Kila mara saa nane amepona. Kila mara amekula." Mwalimu wa zamu akasema polepole kwamba kumbe ule msemo wa wasichana una ukweli, wali ukiiva, na mmoja wa walimu akacheka kabla ya kujizuia. Mkuu hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo linaloniuma. Alinitazama akauliza, "Safu ya kutapika iko wazi mara zote. Tumpe, alitapika?" Yusta alikuwa amesimama kushoto kwangu. Hakunitazama mimi, alilitazama daftari. Nilifikiri haraka kama mwizi anavyofikiri. Nikisema ndiyo, nimedanganya mara kumi na moja kwa mwandiko mzuri, na sheria ya zahanati nimeivunja mara kumi na moja, na beji ya kiranja naivua hapo hapo mbele ya maandazi. "Hapana, mwalimu," nikasema. Mkuu akamgeukia Yusta amjibu. Yeye akasema, "Mwalimu, mimi sijui kukieleza. Kikinishika kimenishika, kikiniacha kimeniacha." Aliambiwa aende nyumbani arudi na mzazi.

Baba yake alikuja naye baada ya wiki, amevaa koti la kanisani na viatu vyenye udongo mkavu wa mpunga kwenye soli. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, akaniuliza kama mimi ndiye yule Tumpe anayesoma na binti yake. Nilisema ndimi. Mlango wa ofisi haukufungwa vizuri, na mimi nilikuwa nafagia veranda ambayo nilikwisha kuifagia. Nikasikia Mkuu akimweleza kwa heshima zote, nikasikia kurasa zikifunguliwa. "Kwa hiyo binti yangu mwongo," baba akasema. Mkuu akajibu kwamba ana akili nyingi ila anajifanya mgonjwa, na kwamba shule iko tayari kumpa nafasi nyingine akikiri. Baba akamuuliza binti: "We Yusta, unakiri?" Sikusikia jibu. Nilisikia baba akisema, "Basi. Nyumbani ziko kazi hata mwongo anaziweza." Walibeba sanduku wao wawili, kila mmoja mshikio wake. Matroni alisimama mlangoni mwa jiko akanitazama mimi, si wao. Mpaka namaliza shule hakuniita tena mwanangu. Kabla ya kushuka Yusta alirudi bwenini mbio, akafungua mkebe wake wa hisabati kuona kama vitu vyote vimo, akauweka kitandani kwangu. "Una mtihani," akasema. Nilifaulu hisabati kwa mkebe ule. Nikawa mwalimu, nikafundisha watoto jometri Rungwe na Mbeya miaka yangu yote ya kazi, kwa kuchora na kufuta kwa kiganja. Bikari ilipotea Tukuyu, rula ilivunjika. Sikuwahi kumwandikia barua.

Mwaka huu, miezi miwili baada ya ile kliniki, wasichana wa zamani tulikutana Iringa. Tulikula vizuri, tulicheza, tukapiga picha nyingi za simu ambazo zote zinatuonyesha tumenenepa. Kwenye meza mmoja akapaza sauti, "Jamani, Mgonjwa wa Wali yuko wapi siku hizi?" na kicheko kilekile kikazunguka, kimezeeka lakini ni kilekile. Mtu akasema yupo Chimala, ana mashine ya kukoboa mpunga. Mwingine akanigonga bega: "Si wewe ulitunga ule msemo? Ulikuwa na mdomo wewe." Aliyasema kwa upendo, kama anayenikumbusha sifa. Nilisema, "Alikuwa anaumwa kweli." Hawakusikia, muziki ulikuwa juu, nami sikurudia kwa sauti kubwa. Hata hapo, kwa umri huu, sikurudia. Niliomba namba ya Yusta kwa mama aliyejua, sikuipiga, na kesho yake basi la Mbeya lilipofika Chimala nikamwambia kondakta anishushe, kabla sijapata muda wa kuwa na akili.

Nilielekezwa nifuate sauti ya mashine, lakini nilipofika mashine ilikuwa imezimwa. Uani mlikuwa na magunia, pumba zimetapakaa, na wateja watatu wamekaa kivulini bila kulalamika. Binti wa miaka ishirini na kitu alinipokea mfuko, akaniamkia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama kichwa kimemshika tangu asubuhi. Amelala. Saa tisa ataamka." Alisema kama mtu anavyokuambia mvua imeanza. Nikakaa. Hapo ndipo nilipoiona nyumba ambayo hatukumpa. Dirisha la chumba kimoja lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Mtoto aliyekuja akikimbia alisimamishwa kwa kidole tu, akavua ndala akatembea pekupeku. Mteja mmoja simu yake ilipolia alitoka nayo mpaka barabarani. Hakuna aliyeuliza kama kweli anaumwa. Mara moja binti aliingia na beseni safi, akatoka na lingine limefunikwa, akaenda kulimwaga nyuma ya nyumba, na mimi, mgeni wa heshima mwenye pochi begani, niliinuka nikalipokea kwake nikaliosha mwenyewe. Alinishangaa lakini hakunizuia.

Saa tisa na kitu Yusta alitoka, khanga kichwani, akifinya macho kwa mwanga. Alikuwa amenenepa kidogo, na sauti ilikuwa ileile ya chini. Pembeni ya macho, kila upande, alikuwa na alama mbili fupi za chale. Alinitambua kabla sijasema jina. "Kiranja," akasema. Aliniona naziangalia zile alama akazigusa. "Baba alinipeleka kwa fundi wa kuchanja tuliporudi. Alitaka nipone ili nirudi shule. Hakikupona." Akakaa kwenye gunia, akamwambia binti amletee chakula. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Makambako, yote yakapotea. "Yusta, ulitapika," nikasema. "Mara zote kumi na moja. Nilimwaga mimi mwenyewe. Sikuandika kwa sababu ningekupeleka Ipogolo, na Ipogolo ningekosa wali." Likasikika dogo sana, nikalisikia lilivyo dogo. Alitazama mashine yake iliyozimwa. "Nilijua hukuandika," akasema. "Ila sikujua ni wali. Nilifikiri labda sikutapika. Unajua, nikiwa shambani jua kali, kimenishika, nikawa najiambia we Yusta acha, unajifanya. Nalima hivyohivyo. Miaka mingi. Nyie mlikuwa na daftari, mimi nilikuwa na kichwa tu." Hakusema kwa hasira. Ningetamani angesema kwa hasira.

Sikuwa na kitu cha kumpa ila nilichokuwa nacho. Nikatoa kwenye pochi daftari la Nuru, lile nililoshauriwa kununua, nikamweleza ni la mjukuu wangu, ana miaka kumi, na amepewa jina la ugonjwa wake. Yusta akaagiza miwani. Alisoma safu baada ya safu, mistari yangu myekundu, mwandiko wangu wa kulala, akifuata kwa kidole kama Mkuu alivyokuwa akifuata. Kidole kikafika safu ya mwisho kikasimama. Ametapika. Ametapika mara mbili. Hakutapika. Ametapika. Alifika mwisho, akafunga daftari, akalishika mapajani kwa mikono yote miwili.

"Huyu umemwandikia," akasema.

Binti alileta sinia la wali wa Chimala, mweupe, unatoa mvuke, na mchuzi wa nyama pembeni. Yusta alijipakulia, akaanza kula kwa ile njaa yake ninayoijua, mbele ya wateja, mbele yangu, bila kusubiri mtu atoke. Alipoona sijagusa alinisogezea sahani. "Kula, Tumpe," akasema. "Ulipanda mlima ule mara mbili, ukakosa wali." Nikala wote mpaka punje ya mwisho, na sikuwa na njaa hata kidogo.